Maswali na Majibu: Matarumbeta, Baridi na Bendi za Gwaride

Kila ikifika Agosti, video za matamasha ya bendi za jeshi husambaa kwenye simu, na mwaka huu wasomaji wengi wa Nyanda za Juu wameniuliza habari zake. Nafurahi mno. Bendi ya gwaride ni muziki kamili, una kanuni zake na ugumu wake, na unastahili kusikilizwa kwa masikio mawili, si kuchukuliwa kama sauti ya kujazia muda wakati mgeni rasmi anashuka garini.

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu amenionyesha wanajeshi wa Scotland wanapiga muziki usiku mbele ya ngome kubwa. Ile ni sherehe ya taifa lao, au mtu yeyote anaweza kwenda? (Msomaji wa Soweto, Mbeya)

Marahaba. Yeyote mwenye tiketi anaingia. Hilo ni Royal Edinburgh Military Tattoo, linafanyika kila Agosti kwenye uwanja ulio mbele ya ngome ya Edinburgh. Lilianza rasmi mwaka 1950, likatazamwa na watu kama 6,000 waliokaa kwenye mabenchi. Siku hizi msimu mmoja huvuta watazamaji wapatao 220,000. Mwaka 2020 na 2021 halikufanyika kwa sababu ya korona.

Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 17, huko Uholanzi na jirani zake, wapiga ngoma wa kikosi walizunguka mitaani jioni kuwapa ishara wenye vilabu wafunge mapipa ya pombe, askari warudi kambini. Ishara hiyo ya ngoma ndiyo iliyokua taratibu hadi kuwa onyesho zima la usiku.

Matamasha ya aina hiyo yako mengi. Halifax kule Kanada wanalo tangu 1979, Basel kule Uswisi tangu 2006, Moscow wamewahi kupigia kwenye Uwanja Mwekundu, na hapa Afrika lipo la Cape Town, ndani ya ngome ya kale iliyojengwa na Waholanzi. Ukipata bando la kutosha, mtafutie kijana video za Top Secret Drum Corps wa Basel. Hao ni raia, si wanajeshi, na wanapiga ngoma tu, bila pembe wala filimbi. Mwambie aangalie vifundo vya mikono yao kabla ya kushangilia wanavyorushiana fimbo.

Nami nikitazama Edinburgh, ninachokingoja ni mwisho. Bendi zote zinaingia pamoja, mamia ya watu kutoka nchi mbalimbali, wanapiga wimbo mmoja. Wengi wao wamekutana siku chache tu kabla. Kilichowaunganisha ni karatasi ya noti waliyojifunza kila mmoja kwao. Halafu taa zinazimwa, anabaki mpigaji mmoja wa zumari ya mfuko juu ya ukuta wa ngome. Hapo ndipo napenda wanafunzi wangu wanyamaze wasikie.

Kamwene mwalimu. Kile chombo cha Waskoti chenye mfuko kwapani kinafanyaje kazi? Mbona sauti haikatiki hata mpigaji akivuta pumzi? (Msomaji wa Kihesa, Iringa)

Kamwene. Sauti haikatiki kwa sababu pumzi haiendi moja kwa moja kwenye filimbi. Mpigaji anaupuliza mfuko ujae, kisha anaubana kwa mkono, na hewa ya mfukoni ndiyo inayoliza chombo. Anapovuta pumzi, mkono unaendelea kubana. Mirija mitatu iliyolala begani, miwili ya sauti ya kati na mmoja wa sauti nzito, inanguruma muda wote bila kubadilika. Wimbo wenyewe unapigwa kwenye filimbi ya mbele, nayo ina noti tisa tu.

Sasa angalia ugumu wake. Chombo hicho hakina namna ya kupiga kwa sauti ndogo au kubwa, wala kunyamaza kidogo kati ya noti mbili. Ukitaka kurudia noti ileile, msikilizaji atasikia noti moja ndefu. Kwa hiyo wapigaji hupenyeza noti fupi sana katikati, za kupepesa kidole, ili kuzitenganisha. Urembo ule tunaousikia umezaliwa na shida hiyo.

Na usidhani ni mali ya Scotland peke yake. India, Pakistan, Jordan na Oman wana bendi za jeshi zenye zumari hizi za mfuko, na Waomani wanazipiga hata wakiwa juu ya ngamia. Mji wa Sialkot, Pakistan, unatengeneza nyingi sana na kuziuza duniani. Na filimbi ile ya mbele inalia kwa tete mbili, yaani vipande vyembamba vya mwanzi vinavyotetemeka, zilizofungwa pamoja, kama zumari la ngoma za pwani yetu. Mtu wa Lamu akiisikia kwa karibu hataiona ngeni.

Baragumu linalopigwa Siku ya Mashujaa halina vibonyezo. Noti zinatoka wapi? (Msomaji wa Makambako)

Zinatoka midomoni. Bomba lolote la urefu mmoja lina noti zake za asili, na mpigaji anazipanda kwa kukaza midomo na kuongeza kasi ya pumzi. Kwenye baragumu zinazotumika ni tano: do, so, do ya juu, mi na so. Kila ishara ya kijeshi, ya kuamsha, ya kula, na ile ya kuwaaga waliokufa inayosikika tarehe 25 Julai, imetungwa ndani ya noti hizo. Vibonyezo vilibuniwa Ujerumani miaka ya 1810 ili kuongeza urefu wa bomba: cha pili kinashusha nusu toni, cha kwanza toni nzima, cha tatu toni moja na nusu.

Mwalimu, ndaga fijo kwa safu hii. Sisi ni kikundi cha tarumbeta cha kanisani. Mazoezi ya jioni tunapatana vizuri na kinanda cha umeme, lakini ibada ya asubuhi, hasa Juni na Julai, tunakuwa chini ya kinanda. Wazee wanasema matarumbeta yamechoka. (Msomaji wa Tukuyu)

Wazee wangu niwaheshimu, lakini matarumbeta hayajachoka. Yana baridi.

Sauti husafiri polepole kwenye hewa baridi. Kwenye nyuzi 25 inakwenda karibu mita 346 kwa sekunde, kwenye nyuzi 10 karibu mita 337. Tarumbeta ni hewa iliyofungiwa bombani, na hewa hiyo ikipoa noti inashuka. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 15, bomba lote likiwa baridi, fa yenu inakuwa imeshuka karibu nusu ya njia kuelekea mi. Kinanda cha umeme hakijui baridi, kinabaki palepale. Ndiyo maana mnagombana nacho.

Fanyeni hivi. Fikeni mapema, na kila mmoja apulize pumzi ya moto ndani ya chombo bila kuliza, polepole, dakika kadhaa. Kile kidomo cha kupulizia kikae mfukoni mwa koti mpaka dakika ya mwisho, maana chuma baridi kinaumiza midomo. Wapiga tuba na yufoniamu, yale matarumbeta makubwa ya sauti nzito, waanze mapema zaidi ya wenzao, kwa sababu bomba kubwa linachelewa kupata moto. Baada ya hapo ndipo mpatane na kinanda: mkiwa chini, sukumeni ndani ule mrija wa kurekebishia. Wimbo wa tatu au wa nne sikilizeni tena. Vyombo vitakuwa vimepata moto na mtaanza kupanda, basi vuteni nje kidogo. Aliyerekebisha mara moja tu akaridhika atakuwa amekosea hadi mwisho wa ibada.

Ninawaandikia kwa urefu kwa sababu nawapenda watu wa tarumbeta za kanisa. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 wanatoka kwenye kanisa lenye desturi ya kupuliza tarumbeta alfajiri ya Pasaka makaburini, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18. Hakuna sababu muziki wenye historia hiyo uonewe kwa baridi tu.

Kwenye gwaride uwanjani, watu wa mwisho kabisa wanaonekana kuchelewa hatua. Ni uzembe? (Msomaji wa Mafinga)

Mara nyingi si uzembe. Kwa mwendo wa kawaida wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua inachukua nusu sekunde. Aliye mita 100 kutoka kwenye ngoma kubwa anaisikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Akiifuata kwa sikio tu, mguu wake utachelewa zaidi ya nusu hatua, naye atakuwa na hakika kwamba yuko sawa. Vikosi vilivyofundishwa vizuri humtazama aliye mbele, na wapigaji humtazama kiongozi mwenye fimbo. Fimbo ile ndefu si pambo: mwanga haucheleweshwi kama sauti. Nanyi mnaoandaa sherehe za shule, msiweke spika upande wa pili wa uwanja. Mtaharibu kila kitu.

Babu alituambia mganda ulitokana na jeshi la wakoloni. Mimi naona ni ngoma yetu ya jadi. Nani mkweli? (Msomaji wa Ludewa)

Wote wawili, na babu yako amehifadhi jambo la thamani.

Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa mwambao waliziona bendi za kijeshi na za wamisionari, wakatengeneza ngoma yao: beni. Walicheza kwa mistari, wakavaa sare, wakapeana vyeo, na miji ikagawanyika kwa ushindani, Marini upande huu, Arinoti upande ule. Ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Maaskari na wapagazi wa Wajerumani na wa Waingereza walitembezwa nchi nzima, na mwaka 1918 vita hiyo ilipita Songea na Ubena. Waliosalia walirudi kwao na beni vichwani.

Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, huku kwetu na upande wa Malawi, beni ilikutana na watu wasio na matarumbeta ya shaba. Wakachukua kibuyu, wakakitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui. Ukiimba ndani yake, utando unatetemeka na sauti inatoka na mvumo wa pembe. Weka ngoma kubwa, weka mistari ya vijana waliovaa nadhifu, weka nahodha mbele: huo ndio mganda, na Malawi wanao ndugu yake, malipenga.

Je, kuazima kunaufanya usiwe wetu? Hapana! Ngoma kubwa na matoazi yaliyomo kwenye kila bendi ya jeshi la Ulaya yaliazimwa karne ya 18 kutoka bendi za jeshi la Waturuki, na hakuna Mjerumani anayeona haya. Wazee wa Ludewa na Nyasa walijitengenezea chombo chao wenyewe. Mimi nauweka mganda meza moja na bendi yoyote ya Edinburgh. Mrekodi babu yako sasa, akiwa na nguvu za kuimba.

Saksafoni ni ya shaba, mbona haihesabiwi na matarumbeta? (Msomaji wa Vwawa)

Kwa sababu inalia kwa tete, si kwa midomo. Adolphe Sax aliisajili mwaka 1846, na bendi za jeshi la Ufaransa zilikuwa za kwanza kuipokea.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anapiga korneti shuleni na anataka bendi ya jeshi. Nimkatishe tamaa? (Mama wa Njombe)

Mama, usimkatishe. Mweleze tu kwamba atakuwa askari kwanza, mwanamuziki pili, kwa hiyo afya na masomo yake ni sehemu ya safari. Kama anasoma sol-fa pekee, atafute wa kumfundisha noti za mistari mitano, kwa maana bendi zinasoma hizo. Apige noti ndefu kila siku, robo saa, kabla ya nyimbo anazozipenda. Na korneti ya shule aitunze: amwage maji kila akimaliza, vibonyezo avipake mafuta yake maalumu, si ya kupikia, na asiazimishe kidomo chake kwa mtu.