Kabla hujanunua kifurushi kikubwa, itazame foleni

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia juzi. Kapata kazi ya kuweka intaneti kwenye nyumba ya wageni, anataka nimwambie anunue ruta gani. Nikamuuliza laini yenyewe inapandisha megabiti ngapi. Hajui. Basi namjibu hapa, na nyinyi mnaokula kwa kazi hii msome.

Mimi jina langu lilichafuka kwa jambo hilihili. Hoteli moja ya pwani ya mashariki, kila jioni wageni wanalalamika: simu za video zinakwama, kurasa hazifunguki. Meneja akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba nimewawekea vitu vya bei rahisi. Akaletwa mtaalamu wa mbali, akashauri kifurushi kikubwa zaidi. Kikanunuliwa. Jioni ikaingia, mambo yaleyale. Ndipo nikaitwa tena, kimyakimya, na radhi sijaombwa mpaka leo.

Tatizo lilikuwa foleni. Wageni wakirudi baharini, simu zao zinaanza zenyewe kupandisha picha na video, na modemu inapokea kila pakiti (kipande kidogo cha data) na kuipanga foleni, haikatai kitu. Linux, mfumo unaoendesha vifaa vingi vya mtandao, kwa miaka mingi imekuja na foleni yenye nafasi ya pakiti 1000. Piga hesabu: pakiti 1000 za baiti 1500 ni megabiti 12. Laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde itaimaliza foleni hiyo kwa sekunde 6. Nani atazungumza na mkewe kwa video huku kila neno linachelewa sekunde 6? Ni kama mwenye pishi moja ya karafuu kupangwa kituoni nyuma ya mwenye magunia mia.

Jim Gettys wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alianza kulipigia kelele jambo hili 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, njia ya kusimamia foleni ambayo haihesabu pakiti. Inatazama zimengoja muda gani. Ungojaji ukibaki juu ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100, inaanza kuzitupa, na anayetuma anapunguza mwendo. Mwaka huohuo Linux 3.5 ikawa nayo, pamoja na fq_codel, inayotenganisha mitiririko ya data ili mkubwa asimzibie mdogo. Lakini kuwemo ni kitu kimoja, kuwashwa ni kingine. Kerneli, yaani kiini cha Linux, iliendelea kuanza na foleni ya zamani. Systemd, programu inayowasha huduma kwenye Linux nyingi, ikageuza setingi hiyo 2014 iwe fq_codel, na hati inayoieleza fq_codel, RFC 8290, ikatoka 2018. Mfumo wako umeanza na foleni ipi? Usikisie, andika sysctl net.core.default_qdisc uone.

Tazama na ECN, njia ya kumwambia anayetuma kwamba kuna msongamano bila kutupa pakiti yake. Kiwango chake, RFC 3168, ni cha 2001. Kerneli ya Linux huja na setingi yake, tcp_ecn, ikiwa 2, maana yake inakubali ikiombwa, yenyewe haiombi. Waliogopa vifaa vya zamani vya njiani vilivyokuwa vikizitupa pakiti hizo, na siwalaumu. Ninaowalaumu ni mafundi wanaodhani setingi za mwanzo zimewekwa kwa ajili ya hoteli yao.

Sasa kazi. OpenWrt, mfumo wa Linux wa kuwekwa kwenye ruta, inakuja na fq_codel, ila haitakusaidia sana ikiwa foleni mbaya imo ndani ya modemu ya mtoa huduma, usikoweza kugusa. Ihamishie kwako: weka SQM (programu ya kusimamia foleni), chagua cake (mpangaji wa foleni aliyemo humo), andika kasi iliyo chini kidogo ya ile uliyopima, asilimia 85 hadi 95, kwa kushusha na kwa kupandisha. Endesha ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, huku mtu anapandisha video, kabla na baada. Pale hotelini nilifanya hivyo, wakarudi kwenye kifurushi cha zamani, malalamiko yakaisha. Mtaalamu sijui aliambiwa nini.

Vijana, pimeni kwanza. Ruta mpya na antena tatu haipunguzi foleni ya mtu. Someni hati zenyewe, ziko bure. Pimeni tena.

Na wewe wa Wete, kama laini ni ya 4G, kasi yake inapanda na kushuka, kwa hiyo usipime asubuhi. Pima saa mbili usiku, nyumba ikiwa imejaa, uandike namba ya wakati huo.