Ukitaka Grupu la Siasa Liishi, Anza Kuwabana wa Chama Chako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kilosa aliniandikia: "Kaka, nataka kufungua grupu la WhatsApp la kujadili siasa za jimbo letu. Nifanyeje lisife kama mengine?" Swali hili naulizwa mara nyingi, kwa hiyo naomba niwajibu wote hapa.

Mimi ni admini wa grupu la siasa tangu kabla ya uchaguzi wa 2015, na najivunia. Tulikuwa na madiwani, walimu, vijana wa bodaboda, makada wa CCM na wa CHADEMA. Diwani aliulizwa usiku kuhusu kisima cha shule, na alijibu. Leo utapata wapi kitu kama hicho?

Julai 2015 Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, akahama CCM kwenda CHADEMA ya upinzani. Waliokuwa wakimwita fisadi wakaanza kumsifu, waliokuwa wakimsifu wakaanza kumtukana. Mimi ni wa upinzani, kila mtu anajua. Lakini niliowatoa wa kwanza kwa matusi walikuwa wa chama changu, tena marafiki zangu. Wakaniita msaliti, wakafungua grupu lao, wakaondoka na watu wengi. Mmoja wao hadi leo hanisalimii, hata tukikutana msibani. Inauma jamani. Tumekula naye sahani moja!

Ila makada wa CCM walibaki. Waliona kanuni ni ileile kwa wote. Ukianza kwa kumtoa mpinzani wako, hata kama kakosea kweli, wenzake wanakaa kimya, kisha wanalefti mmoja mmoja. Unabaki na watu wa kukupigia makofi, na hapo mjadala umekwisha.

Najua kuna hofu pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, na ndani yake taarifa za uongo ni kosa. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na JamiiForums yenyewe, jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni, ikalazimika kufunga kwa muda. Mwaka huohuo WhatsApp ikaleta kitufe cha kuruhusu maadmini peke yao kutuma ujumbe. Wengi walikibonyeza siku ya habari nzito, wakaona raha, hawakukifungua tena. Grupu likawa ubao wa matangazo ya misiba na harusi.

Usikimbilie kitufe hicho. Taarifa haina chanzo? Ifute, kisha andika mbele ya wote kwa nini umeifuta. Usimfuate mtu faragha kumtisha. Na nasema tena, wabane wa kwako kwanza. Msiotaka kuudhi marafiki, uadmini wa siasa muuache, fungueni magrupu ya mpira.

Kabla hujasambaza linki, mtafute mtu makini wa chama usichokipenda, mpe uadmini tangu siku ya kwanza. Akifuta ujumbe wako, usiurudishe.