Kurudi kwenye akriliki ukiwa na mkono wa mafuta

Picha yangu ya kwanza ya akriliki baada ya miaka 11 ya rangi za mafuta ilikuwa uso wa mzee. Nilipaka shavu upande wa mwanga, nikapaka upande wa kivuli, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia, simu ikaita, nikaipokea. Nilipomaliza nilichukua brashi laini ili nilainishe pale mwanga unapokutana na kivuli. Rangi ikang'oka. Ilitoka vipande vipande kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na turubai likabaki jeupe chini yake. Simu yenyewe haikufika dakika 10.

Naanza na kisa hicho kwa sababu ukitoka kwenye mafuta nawe utafanya hivyo hivyo, hata baada ya kuonywa. Kichwa kinajua kwamba akriliki inakauka haraka; mkono haujui. Rangi ya mafuta haikaushwi na maji kutoka. Inavuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngumu polepole, kwa siku au wiki, na muda wote huo unaweza kurudi kusahihisha. Akriliki ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea kwenye maji. Maji yakitoka, chembe zinashikana kuwa utando, na utando huo hauyeyuki tena ukiumwagia maji. Ikiwa bado mbichi kabisa, unaichezea utakavyo. Ikishakauka kabisa, unapaka juu yake bila wasiwasi. Balaa liko katikati, pale ambapo juu imeanza kushika na chini bado kuna unyevu. Ukigusa hapo unachuna.

Kwa hiyo, ukiona rangi imeanza kukataa kuteleza, weka brashi chini. Acha ikauke, hata ukihitaji kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha upake upya juu. Watu husema akriliki ni rangi ya wenye haraka. Mimi imenidai subira kuliko mafuta yalivyowahi kunidai, ila ni subira ya dakika chache chache badala ya siku.

Jambo la pili lililonisumbua ni rangi kubadilika. Ikiwa mbichi, ile gundi ya akriliki ina weupe kama wa maziwa; ikikauka inapitisha mwanga kama kioo, weupe unaondoka, na rangi inakolea kidogo kuliko ulivyoipaka. Kwenye mafuta nilikuwa nachanganya rangi ya ngozi kidogo kidogo kadiri ninavyoendelea. Kwenye akriliki nilijikuta nachanganya mara ya tatu rangi ambayo haikutaka kufanana na ile ya asubuhi. Sasa nachanganya nyingi mapema, naitia kwenye vikopo vyenye vifuniko, na kila mchanganyiko naupaka alama kwenye kipande cha karatasi kikauke kwanza. Nalinganisha na alama iliyokauka, si na rangi iliyo kwenye brashi.

Paleti yako ya mbao, ule ubao wa kuchanganyia rangi, ipumzishe. Chukua trei pana yenye mfuniko, tandaza sponji au kitambaa kilicholowa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na rangi uiweke juu ya karatasi. Unyevu unapenya taratibu kutoka chini na rangi inakaa hai hata siku kadhaa ukiifunika. Chupa ya kunyunyizia maji nayo iwe karibu, lakini ni ya paleti. Ukinyunyizia picha iliyokauka nusu, utapata madoa ambayo hukuyapanga.

Kuna dawa ya kuchelewesha kukauka. Nilinunua wiki ya kwanza, na nikaimimina kama mpishi aliyegombana na chumvi. Picha ilinata siku nyingi, vumbi likaishi humo. Kiwango kilichoandikwa kwenye chupa kifuate, maana kimiminika hicho hakigeuki kuwa utando. Kinabaki ndani ya rangi na kuilegeza. Lakini kosa langu lilikuwa la nia zaidi ya kipimo: nilikuwa najaribu kutengeneza mafuta kwa akriliki. Ukihitaji kweli muda mrefu wa kuchanganya, nunua akriliki zilizotengenezwa tangu kiwandani zikauke polepole.

Mpito laini wa shavu unapatikana kwa njia nyingine: tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda tena akriliki. Kwenye mafuta, tabaka moja ya namna hiyo ilinigharimu siku kadhaa za kungoja kabla ya inayofuata. Sasa napaka sita kabla ya saa sita mchana, na ile sheria ya wachoraji wa mafuta, ya kuongeza mafuta kila tabaka inayofuata, haina kazi. Rangi ipunguze kwa mediamu ya akriliki, yaani gundi ile ile ya akriliki isiyotiwa rangi, usitegemee maji peke yake. Maji yakizidi sana, gundi inakuwa haba na rangi inashika vibaya. Brashi kavu yenye rangi kidogo, ukiiburuza juu juu, itamalizia kazi kwenye ngozi na mawingu.

Brashi zitenge mara moja. Brashi iliyolala miaka kwenye mafuta ya kitani hubaki na mafuta kwenye shina la nyuzi hata ukiiosha kwa sabuni, na akriliki haishiki vizuri penye mafuta. Zile za manyoya ya nguruwe hunywa maji na kulegea kama uzi. Nunua za nyuzi bandia. Usiache rangi ikaukie kwenye brashi hata wakati wa chai. Mimi nimezika brashi nne kwa njia hiyo.

Usishangae pia ukikosa akriliki ya buluu ya Prussia, ile buluu iliyokolea sana, dukani. Gundi ya akriliki ina ualkali, na buluu hiyo haiuvumilii, kwa hiyo utakuta mchanganyiko wa kuiga. Unafanana nayo, ila katika kuchanganya una tabia zake.

Turubai kuukuu la picha ya mafuta iliyokushinda usilipake akriliki, hata ukilisugua vipi. Hali kadhalika turubai lililotayarishwa kwa rangi ya chini ya mafuta. Tafuta lenye jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kutayarishia turubai. Na picha zilizokwisha usizibananishe uso kwa uso mahali penye joto: plastiki hiyo hulegea, na mbili zitashikana.

Akriliki juu ya mafuta haifai, lakini kinyume chake, mafuta juu ya akriliki, kinaruhusiwa. Nyuso zinazonishinda hadi leo naziweka msingi kwa akriliki, nyembamba, zikikauka kabisa namalizia mashavu na macho kwa mafuta. Ukishaweka mafuta, akriliki hairudi tena kwenye turubai hilo, hata kwa kutia saini.