Mnaoanza picha nyeusi na nyeupe, kabla hujachagua filamu au dijitali soma hapa

Wadau mnaoanza, swali la filamu au dijitali naulizwa sana na mi naonaga watu wanakimbilia kubishana ipi ina picha nzuri, wakati cha kwanza kujua ni kwamba hizi mbili zinaharibika pande tofauti. Filamu ikikosa mwanga kwenye vivuli ndo basi tena, pale kwenye negativu (mkanda ulioshasafishwa) panabaki uwazi mtupu hamna kitu na hakuna dawa ya kukurudishia, ila sehemu zenye mwanga mkali inavumilia sana. Dijitali ni kinyume, mwanga ukizidi sensa (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) inajaa na wingu linabaki jeupe tupu, lakini gizani unaweza ukavuta vitu vingi tu ingawa chenga (vile vidotidoti kwenye picha) zitaongezeka.

Kwa hiyo ukiwa na filamu pima mwanga kwenye kivuli unachotaka kionekane, alafu punguza stopu 2 (kila stopu moja inakata mwanga nusu) maana mita inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Ukiwa na dijitali angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, giza kushoto na weupe kulia) isigonge ukuta wa kulia. Hilo la kivuli ndo msingi wa mfumo wa kanda (Zone System, kugawa picha kwa ngazi kuanzia nyeusi hadi nyeupe) ambao wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer waliuweka sawa mwaka 1939-40 hivi, na nusu yake ya pili ni kwamba muda wa kusafisha mkanda, yaani kuuacha kwenye dawa ya kutokeza picha, ndo unaoamua sehemu za mwanga, ukizidisha dakika mwanga unapanda sana na vivuli vinabaki karibu palepale.

Sasa chumba cha giza. Taa nyekundu mnayoiona kwenye sinema ni ya karatasi, SIO ya mkanda! Filamu nyingi za kawaida zinaona rangi nyekundu pia, unaupakia mkanda kwenye tangi gizani kabisa, ndo maana nasema fanya mazoezi na mkanda wa kutupa macho yakiwa wazi, kisha umeyafumba, mpaka mikono izoee. Dawa ya kusafishia iwe nyuzi 20 za Selsiasi, joto likipanda kazi inaenda haraka na muda wa kwenye chati haufai tena. Na fiksa (dawa inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga) usiifanyie haraka, wala kuosha kwa maji, picha inaweza kubadilika rangi baadae. Madirisha yapitishe hewa, mikono vaa glavu.

Kwenye kuprinti kata kipande cha karatasi, funika na uwe unafunua kidogo kila sekunde 5 chini ya mwanga unaopita kwenye negativu, ukikisafisha upate ngazi za weusi, uchague kwa macho yako. Kisubiri kikauke kwanza, kwa sababu karatasi ikikauka inakuwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa majini, hapa wengi wanapotea. Kuzuia mwanga kwa mkono sehemu fulani au kuongezea sehemu nyingine ndo kazi yenyewe hasa, na programu za kompyuta zimeiga hukohuko.

Dijitali nayo piga RAW (faili ghafi lenye kila kitu sensa ilichokiona), we weka skrini ya kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe ili ujifunze kuona bila rangi, rangi zinabaki ndani ya faili. Faida yake kubwa ni hii, kwenye filamu lazima uamue mapema kama unaweka filta nyekundu mbele ya lenzi ili anga liwe jeusi, kwenye kompyuta unaamua baadae kwa kushusha bluu. Ila usiishushe mpaka mwisho jamani, anga linajaa chenga na mistari na pembeni ya majani kunatokea ukingo mweupe wa ajabu. Kamera zisizo na vichujio vya rangi kabisa kwenye sensa, kama Leica M Monochrom ya 2012, hazina uhuru huo, unarudi kwenye filta ya lenzi.

Ukiingia kwenye filamu shika aina moja ya mkanda na dawa moja kwa muda mrefu, mkanda wa ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kupokea mwanga) unatosha kwa karibu kila kitu, usibadilishe mpaka ukiangalia negativu ujue mwenyewe kama tatizo lilikuwa mwanga au muda wa kusafisha. Ukiingia dijitali kanuni ni ileile, programu moja, na uprinti picha kwenye karatasi mara kwa mara, maana skrini inawaka yenyewe na vivuli unavyoviona pale kwenye karatasi vingi vinazama.