Kabla hujavuka mpaka wa Kasumulu na sanduku la miwani

Wadogo zangu mnaomaliza fani ya macho, kila mnaponiuliza habari za kujitolea nje mnaanzia kwenye upasuaji. Mtoto wa jicho mtamkuta, tena sana. Ila Karonga, kaskazini mwa Malawi, foleni iliyonichosha ilikuwa ya watu waliovuka miaka 40 ambao vitu vya karibu vimeanza kuwapotea. Dawa yao ni miwani ya kusomea, lenzi za nguvu ya +1.00 hadi +3.00. Bebeni ya kutosha, na iwe mipya.

Mimi nilivuka mpaka na sanduku la miwani ya mitumba niliyopewa kama msaada, nikaja kuipima lenzi nikiwa nimeshafika. Mingi ilikuwa ya hasi, yaani ya kuonea mbali, mingine imetengenezwa kwa astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) ya mtu nisiyemjua. Siku nzima ikaishia hapo, wagonjwa wamekaa chini ya mwembe wananitazama.

Bibi mmoja nilimpa kadi ya kusoma. Akaigeuza, akanirudishia, shule hakuwahi kwenda. Muuguzi wa pale akachota mchele, akauweka kwenye ungo mapajani mwa bibi. Nilipomvalisha +2.50 akaanza kuchambua chuya moja moja, na ungo hakuuachia mpaka alipomaliza. Siku hizi mkobani nina mchele, sindano na uzi. Kuona mbali pimeni kwa chati ya E, mgonjwa aonyeshe kwa mkono imeelekea wapi. Mita 6 kati ya mgonjwa na chati pimeni kwa kamba, msihesabu hatua.

Msisahau kadi yenye kitundu. Mgonjwa akichungulia humo akaona vizuri zaidi, mara nyingi shida yake ni miwani. Asipopata nafuu, chukua tochi utafute ugonjwa.

Usajili wa muda kwenye baraza la taaluma la nchi mnayokwenda uanzeni mapema. Lugha isiwatishe sana: Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa ni ndugu, Mnyakyusa atakuwa mkalimani wenu bila kutarajia.

Jicho likiwa jekundu na lina kidonda, ulizeni kwa upole limetiwa nini. Mkifoka, habari ya maji ya majani aliyodondoshewa hamtaisikia, na konea, kile kioo cha mbele ya jicho, itaendelea kuoza.

Na mtu msimwandikishe upasuaji kabla hamjajua nani atamfungua bandeji kesho yake, nani atamwona wiki kadhaa baadaye. Wakati huo nyie mko kwenye basi la Mbeya.