Kifaranga wa Nyanda za Juu Anataka Joto Kabla ya Chakula

"Kamwene dada. Nilichukua vifaranga mia moja, nusu wameshaisha. Kila asubuhi nawakuta wamekufa wamelaliana kwenye kona. Nimeshawapa dawa ya kuhara, ya mafua na vitamini. Mume wangu anasema tuachane nao. Nifanyeje? Na je, naweza kuwachanganya na vifaranga wa bata?"

Ujumbe huo umetoka Makambako, na umeniuma kwa sababu najua asubuhi ya namna hiyo ilivyo. Namjibu hapa ili wasome na wenzake wa Njombe, Mafinga, Makete na huku kwetu Mbeya, maana Juni hadi Agosti swali ni hilohilo.

Mdogo wangu, weka dawa pembeni. Jibu umeliandika mwenyewe: wamelaliana kwenye kona. Kifaranga mwenye baridi humfuata mwenzake, wote wakasukumana kwenye pembe ya banda, wa chini wakakosa hewa. Hakuna chupa ya duka la mifugo inayotibu baridi. Na mafunzo mengi ya ufugaji tunayoyasikia yametungwa na watu wa Dar es Salaam au Morogoro, ambako usiku ukimwacha kifaranga na taa moja anaamka mzima. Mbeya mjini tupo kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Ukifuata ratiba ya Pwani huku, utazika.

Mimi nilianza kufuga Uyole, hapa Mbeya, baada ya kazi ya kuajiriwa kuisha. Shemeji yangu mmoja alisema mbele ya wageni kwamba mtu aliyesoma hawezi kuhangaika na vifaranga. Sijalisahau neno lile, na sitasema nimelisahau. Boksi langu la kwanza lilifika kwa basi. Muuzaji aliniapia ni vifaranga wa siku moja. Nilipofungua, manyoya ya mabawa yalikuwa yameshachomoza, vifaranga wenyewe wameishiwa nguvu, wengine wameziba nyuma kwa kinyesi kilichokauka. Kifaranga anapototolewa huwa na kiini cha yai kilichobaki tumboni, nacho humshikilia siku 2 hadi 3 hivi. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa. Hawa muda wao ulikuwa umeshapita. Nilimpigia yule bwana, simu ikaita mpaka ikakata. Mpaka leo hajanirudishia hata shilingi, na bado anauza.

Kwa hiyo sasa sipokei boksi bila kulifungua palepale stendi. Naangalia kitovu kama kimefunga, miguu kama inang'aa, macho kama yamechangamka, na nauliza kama wamechanjwa Mareki, ule ugonjwa wa kupooza, kule walikototolewa. Mwenye mzigo akinuna, anune.

Aliyenifundisha joto ni bibi mmoja jirani, hajawahi kukaa semina hata moja. Alikuja, akainama, akawasikiliza kabla hajawatazama. Akaniambia vifaranga wanaolia kwa sauti ya juu bila kunyamaza wana baridi. Wakitandaza mabawa na kuhema midomo wazi, umewachoma. Wakitawanyika eneo lote, wengine wanakula, wengine wamelala, wanalia kidogokidogo, hapo waache. Kipimajoto ni kizuri, ninacho, na wataalamu wanasema nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini saa nane usiku masikio yangu ndiyo huniamsha.

Vunja pembe zote leo hii. Zungusha hadibodi au bati jepesi upate duara, kile tunachokiita kinengunengu. Duara halina kona ya kulaliana. Chini weka randa kavu za mbao, unene wa vidole vinne hivi. Huku kwetu sakafu ya saruji hunyonya joto la kifaranga kupitia miguuni. Washa chanzo cha joto saa kadhaa kabla boksi halijafika ili randa nazo zipate moto.

Kama umeme hauna uhakika, tumia mkaa, ila nisikilize vizuri. Washa jiko nje mpaka moshi uishe kabisa, funika makaa kwa majivu ili yadumu, lizungushie wavu, kisha uache uwazi juu ya ukuta, karibu na paa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inaua vifaranga na inaua watu. Usiwahi kulala chumba kimoja na jiko hilo. Nimeona watu wakiziba banda kwa nailoni kila upande kwa kuogopa baridi, asubuhi wanalaumu mdondo (kideri).

Wakipata joto, watakula. Siku ya kwanza maji ya vuguvugu yenye glukosi kidogo, halafu chakula cha vifaranga chenye protini ya kutosha, si pumba tupu. Pumba iliyoota ukungu usiwape hata kama umeinunua kwa hela ya mwisho. Mahindi yetu huvunwa na unyevu na kurundikwa, sumukuvu huzaliwa humo, na bata wadogo ndio wanaoathirika nayo vibaya kuliko kuku.

Chanjo nitasema kwa kifupi kwa sababu bwana mifugo wako ataipanga vizuri zaidi: mdondo wiki ya kwanza na marudio yake, Gumboro, ugonjwa unaoua kinga ya kifaranga, karibu siku ya 14 na marudio, ndui baadaye. Ile chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho, nayo hurudiwa kila miezi 3 au 4. Usichanje kifaranga anayetetemeka. Mpashe joto kwanza.

Sasa bata, maana mwisho wa ujumbe umeuliza kama unaweza kuwachanganya. Hapana. Kifaranga wa bata anacheza na maji mchana kutwa, na randa zikilowa kuku wako watapata baridi ya chini na kuhara damu kwa pamoja. Watenge. Bata mpe chombo chenye kina cha kuzamisha pua tu, uweke kokoto ndani asiingie mzima. Watu hushangaa nikisema bata anaweza kufa kwa maji, lakini kifaranga asiye na mama hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya yake. Hulowa mpaka kwenye ngozi, na jioni ya Njombe humaliza kazi. Kuogelea asubiri mpaka awe na manyoya kamili. Bata pia huhitaji niasini, moja ya vitamini B, kuliko kuku. Ukiona magoti yamevimba na miguu inapinda, omba vitamini B ya kuchanganya kwenye maji na uongeze dagaa.

Wiki hii nimekabidhi majogoo sokoni Mwanjelwa, na mteja amelipia kundi linalofuata kabla hajaliona. Sisemi hili kujisifu bure. Kuna mwanamke anasoma hapa akiambiwa aachane nao, na anayemwambia hajawahi kuamka usiku kugusa randa kwa mkono. Amka. Mfugaji wa nyanda za juu anayelala mpaka alfajiri wiki tatu za kwanza amewaachia wengine riziki yake. Tunapenda kusema Mungu hakupanga, wakati jiko lilizimika saa sita.

Kwa waliobaki, mdogo wangu, usiondoe joto wiki ya nne kama vitabu vinavyosema. Julai wape mpaka wiki ya tano au sita, ukipunguza mchana kwanza, usiku mwisho. Kabla ya kundi jingine toa randa zote, uchome, osha, mwaga chokaa, acha banda wazi wiki mbili. Na kama unaweza kusubiri, agiza Septemba.