Zinapigania ugaidi au zinapambana nao?

Swali: Mwanafunzi wangu hapa Kisumu ameandika kwenye insha: "Marekani na China zinapigania ugaidi Djibouti na uhasama umezidi." Nahisi pana kosa ila sijui nimweleze vipi. – Mwalimu wa sekondari

Jibu: Mwalimu, hisia yako ni sahihi, na kosa si dogo. Kupigania kitu ni kupigana ili ukipate au ukilinde: tunapigania uhuru, tunapigania ardhi. Tazama makanga wawili stendi, mmoja kashika mkono wa abiria, mwingine mkoba wake. Hao wanapigania abiria. Ukisema wanapigana na abiria, abiria ndiye anayepigwa. Kwa hiyo sentensi ya mwanafunzi inasema nchi hizo zinautaka ugaidi!

Nadhani amechanganya na "kupiga vita", ambayo haihitaji "na": kupiga vita ugaidi. Vinginevyo aandike kupambana na ugaidi, au vita dhidi ya ugaidi. Na vita ni "hivi", si "hii" kama tunavyosikia sana huku kwetu.

Neno la pili, "uhasama", linahitaji uangalifu zaidi. Ushindani ni kila mmoja kutaka kumpita mwenzake. Uhasama una chuki ndani yake. Marekani iliingia Camp Lemonnier, kambi ya kijeshi huko Djibouti, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ikitaja ugaidi. China ilifungua kambi yake kilomita chache kutoka hapo mwaka 2017, ikitaja kusindikiza meli dhidi ya maharamia na kusaidia walinda amani. Haramia si gaidi: anateka meli apate fidia. Mwaka 2018 Marekani ililalamika kwamba marubani wake walimulikwa kwa leza kutoka upande wa Wachina; China ikakanusha. Hata hivyo zote mbili bado zimekodi ardhi kwa serikali ileile. Mimi ningeandika ushindani.

Hata "gaidi" lenyewe hugombaniwa. Mwaka 2020 Marekani iliondoa kundi liitwalo ETIM, la Wauyghur (jamii ya Waislamu wa magharibi mwa China), kwenye orodha yake ya makundi ya kigaidi, China ikapinga vikali. Mwanafunzi akilitaja, aseme ni nani anayeliita la kigaidi.

Sentensi yake ningeirekebisha hivi: "Marekani imeweka kambi Djibouti ili kupambana na ugaidi, China imeweka yake ikitaja maharamia, na ushindani kati ya nchi hizo umezidi."